Rafu ya jeneriki kwenye famasi za Dodoma: imejaa hadi 1995, kisha mapengo yanaanza

Kinachopimwa hapa ni bidhaa moja yenye majina mia: dawa ya jeneriki, ile inayotengenezwa na kampuni nyingine mbali na iliyoigundua, ya ugonjwa wa kudumu, yaani presha, kisukari, moyo na figo, jinsi inavyopatikana kwenye famasi za Dodoma mjini, kuanzia zile za karibu na Hospitali ya Rufaa ya Mkoa, ambayo wenyeji bado wanaiita General, hadi za Uhindini, Majengo na Area C. Hukumu kwanza. Kwa dawa zilizogunduliwa kabla ya 1995, rafu ya Dodoma inastahili tisa kati ya kumi, na hakuna haja ya kumtuma mtu Kariakoo. Kwa zilizokuja baada ya hapo ni tano, na siku nyingine nne. Muuzaji akikwambia dawa haipo kwa sababu "bado ina patent", usimeze maelezo hayo kabla ya kidonge. Mara nyingi hataza (ndiyo patent, haki ya mgunduzi kuwazuia wengine wasitengeneze dawa yake kwa muda) iliyoleta pengo hilo haikuwa ya Tanzania, na huenda ilishakufa.

Mwaka 1995 una sababu yake. Mkataba wa TRIPS wa Shirika la Biashara Duniani ulianza kazi tarehe 1 Januari mwaka huo, ukawataka wanachama watoe hataza ya miaka 20 hata kwa dawa. India, inakotoka sehemu kubwa ya vidonge vinavyomezwa hapa, ilikuwa na sheria ya 1970 iliyolinda njia ya kutengeneza dawa lakini si dawa yenyewe. Kiwanda kikibuni njia nyingine ya kufikia molekuli ileile, kiliruhusiwa kuiuza. Sheria hiyo ilibadilishwa kuanzia 1 Januari 2005, na hata hapo waliofaidika ni wenye maombi ya hataza ya kuanzia 1995. Amlodipini na losartani za presha, atorvastatini ya kolesteroli, omeprazoli ya asidi ya tumbo na metformini ya kisukari zilishapita geti likiwa wazi. Sitagliptini, dapagliflozini na empagliflozini za kisukari, na rivaroxabani ya kuzuia damu kuganda, zilikuta limefungwa. (Majina yameandikwa hapa kwa matamshi yetu, kwenye boksi irabu ya mwisho ama haipo ama ni e. Usimkatalie muuzaji kwa ajili ya herufi.)

Chukua boksi la amlodipini, kidonge cha presha kisichokosekana famasi yoyote. Jina kubwa mbele ni la kampuni, na kila kampuni ina lake. Jina linalokuhusu liko chini yake kwa herufi ndogo. Geuza boksi usome mstari wa viambato: utakuta amlodipini besilati, kisha maneno yenye maana ya "sawa na amlodipini 5 mg". Besilati ni chumvi inayoibeba dawa, na kwa uzito chumvi nzima inakaribia 7 mg. Kinachohesabika ni ile 5.

Chumvi hiyo nayo imepiganiwa mahakamani. Pfizer, kampuni iliyoigundua amlodipini, walikuwa na hataza ya molekuli na hataza nyingine ya besilati. Dr. Reddy's wa India walijaribu kuingia sokoni Marekani kwa chumvi tofauti, maleati, na mwaka 2004 mahakama ya rufaa ikawazuia. Apotex wa Kanada wakaishambulia hataza ya besilati yenyewe, na Machi 2007 mahakama hiyohiyo ikasema kuchagua besilati lilikuwa jambo ambalo mtaalamu yeyote angelifikia kwa majaribio ya kawaida. Hataza ikafutwa ikiwa karibu kabisa na mwisho wa muda wake. Kwa mnunuzi wa Majengo kesi ile haikubadilisha bei hata senti moja, maana amlodipini ya India ilikuwa inasafiri zamani. Inafaa kujulikana kwa sababu inaonyesha mchezo ulivyo: molekuli ikikaribia kuisha muda, mwenye nayo hulinda chumvi, kisha umbo la fuwele, kisha ratiba ya kumeza, kisha mchanganyiko.

Na mchezo huo umeacha mtego kwenye rafu yetu. Amlodipini ya kawaida ni mchanganyiko wa nusu mbili zinazofanana kama mkono wa kulia na wa kushoto, na nusu moja tu ndiyo inayoshusha presha. Nusu hiyo ikitengwa huuzwa kama S-amlodipini, au esi-amlodipini, na 2.5 mg yake inafanya kazi ya 5 mg ya kawaida. Cheti kimeandikwa amlodipini 5 mg, muuzaji mwenye haraka anaona boksi la 2.5, anasema "meza viwili viwili." Hapo mgonjwa amepewa sawa na 10 mg. Matokeo yake ni miguu kuvimba, kichwa kuuma, kizunguzungu wakati wa kuinuka kitandani. Ukiona herufi S au neno "esi" mbele ya jina, simama na umwite mfamasia mwenyewe.

Esomeprazoli ni mtoto wa mbinu hiyohiyo. AstraZeneca walipoona hataza ya omeprazoli inafikia mwisho Marekani mwaka 2001, walikuwa wameshatenga nusu moja ya molekuli na kuipa jina na hataza mpya. Kwenye kaunta za Dodoma esomeprazoli hupewa mtu kama "ile kali zaidi." Miligramu kwa miligramu inafanya kazi zaidi kidogo, ni kweli, lakini kwa kiungulia cha kawaida omeprazoli 20 mg, nusu saa kabla ya kula, inatosha wagonjwa wengi. Kama daktari hakuandika esomeprazoli kwa sababu maalumu, usiilipie.

Metformini na losartani hazina la kusimulia sana upande wa upatikanaji. Angalia tu metformini isiwe imebadilishwa kutoka ya kawaida kwenda ile inayoachia taratibu, yenye SR au XR mwisho wa jina, bila kukueleza, maana hiyo haikatwi wala haisagwi. Kuhusu losartani, Desemba 2008 shehena iliyotoka India kwenda Brazil ilizuiwa na forodha ya Uholanzi ikiwa inapita tu, kwa sababu losartani ilikuwa na hataza Uholanzi. India haikuwa na hataza hiyo, Brazil haikuwa nayo. Kenya nayo ilitunga sheria ya bidhaa bandia mwaka 2008 kwa maneno mapana mno, kiasi kwamba jeneriki halali ingeweza kuhesabiwa feki, na Aprili 2012 Mahakama Kuu ya Nairobi ikasema vifungu hivyo vinatishia haki ya uhai na afya.

Mkanganyiko huo wa Kenya ndio uleule unaosikika kaunta za hapa, bila mahakama. Utasikia "hii OG, hii kopi." Neno kopi linamtisha mtu, anaongeza hela asiyokuwa nayo. Jeneriki iliyosajiliwa si kopi ya mtaani. Kiwanda kinapaswa kuonyesha kwamba dawa yake inaingia kwenye damu kwa kiasi na kasi ileile na ile ya kwanza. Kipimo chake ni kile kinachosemwa vibaya kila siku, 80 hadi 125 kwa mia. Hicho si kiasi cha dawa ndani ya kidonge. Ni mipaka ambayo uwiano wa wastani wa dawa kwenye damu, pamoja na ukingo wote wa makosa ya kitakwimu, lazima ubaki ndani yake, na ili ukingo mzima utoshee humo wastani wenyewe hauna budi kukaribia mia. Anayesema "jeneriki ina asilimia 80 ya dawa" hajui anachouza, na hapo famasi inapoteza alama mbili.

Sasa rafu yenye mapengo. Mfano mzuri ni dapagliflozini 10 mg, dawa ya kisukari ambayo siku hizi inatumika pia kwa moyo uliochoka na figo. India ilikuwa na hataza mbili juu yake: ya kwanza, pana, iliisha 2 Oktoba 2020, ya pili, ya molekuli yenyewe, ilipaswa kudumu hadi Mei 2023. Viwanda vya jeneriki vikaingia sokoni mara tu ya kwanza ilipoisha. AstraZeneca wakaenda Mahakama Kuu ya Delhi kuomba zuio, wakakataliwa, na rufaa yao ikagonga mwamba Julai 2021. Majaji waliona haiwezekani mtu adai kwamba bidhaa moja inavunja hataza zote mbili, halafu akane kwamba ya kwanza ilishaifichua. Ushindi wa miaka miwili na nusu kwa mgonjwa wa India.

Kwa mgonjwa wa Kisasa au Nkuhungu, siku ile ya Oktoba ndipo foleni ilipoanza. Kwanza kiwanda kiamue kuleta maombi Tanzania. Nchi yenye soko dogo la dawa mpya hungoja zamu. Kisha TMDA, mamlaka ya dawa na vifaa tiba, ipokee jalada, ipitie takwimu za usawa wa dawa kwenye damu, ijiridhishe na kiwanda. Hatua hiyo haifai kulalamikiwa. Mamlaka hii ndiyo ya kwanza Afrika kutambuliwa na Shirika la Afya Duniani kwa ngazi ya tatu ya ukomavu, Desemba 2018, na ngazi hiyo haitolewi kwa anayegonga mihuri. Kisha mwagizaji wa Dar es Salaam aagize kontena lenye kiasi kinachouzika kabla hakijaisha muda. Mwisho famasi ya Dodoma iamue kama itaweka maboksi matano ya dawa ambayo inajua wateja wake ni watatu. Pengo unaloliona kwenye rafu kwa kawaida liko kwenye hatua hizi mbili za mwisho.

Ratiba ya India inafaa kukaririwa na yeyote anayehudumia wagonjwa hawa, kwa sababu ndiyo inayotabiri rafu ya hapa. Rivaroxabani ilifunguka mwishoni mwa 2020, sitagliptini Julai 2022, empagliflozini Machi 2025. Ndiyo maana sitagliptini ya jeneriki ni rahisi kuiulizia leo kuliko empagliflozini. Ulaya na Marekani zina kalenda nyingine kabisa: apiksabani, nayo ya kuzuia damu kuganda, hataza yake ilifutwa Uingereza mwaka 2022, lakini Marekani jeneriki zimefungiwa hadi Aprili 2028. Ndugu yako aliyeko Marekani akikwambia dawa fulani "haina jeneriki", amekupa habari za kwao.

Je, Tanzania yenyewe ina hataza za dawa? Inaweza kuwa nazo. Maombi huweza kupita ARIPO, ofisi ya kanda iliyoko Harare, na kuitaja Tanzania. Lakini nchi zilizo kwenye orodha ya Umoja wa Mataifa ya nchi zenye maendeleo duni zimeruhusiwa kutotoa wala kutekeleza hataza za dawa hadi 1 Januari 2033. Uamuzi huo ulipitishwa 6 Novemba 2015. Tanzania imo. Watu huchanganya hapa kwa sababu Julai 2020 Benki ya Dunia ilitutangaza uchumi wa kipato cha kati cha chini. Hiyo ni orodha nyingine, haigusi ruhusa hii. Ila ruhusa si sheria. Nchi inapaswa kuiandika kwenye sheria yake ili mwagizaji asiwe na shaka. Mfamasia anayetaka kujua hali ya dawa moja moja afungue MedsPaL, hifadhidata ya bure ya Medicines Patent Pool, shirika linaloviombea viwanda vya jeneriki leseni kwa wenye hataza, aandike jina la jeneriki, achague Tanzania, asome safu ya tarehe ya mwisho na ile ya leseni. Ni dakika tatu, na zinamaliza ubishi wa kaunta.

Kwa mnunuzi, huduma inapimwa kwa anachojibiwa. Sema hivi: "Habari za kazi dada, naomba dapagliflozini miligramu 10, ya kampuni yoyote iliyosajiliwa, za siku 30." Famasi nzuri itakutolea boksi, au itakwambia haipo na kuuliza unabakiza za siku ngapi. Ikiwa zimebaki saba au zaidi, agiza. Mzigo mdogo kutoka kwa wauzaji wa jumla wa Dar huja na basi, hauchukui wiki. Famasi mbaya itakwambia "hiyo hakuna, chukua hii inafanana," na "hii" ikawa glibenklamidi kwa sababu tu nayo ni ya sukari. Hizo si ndugu. Glibenklamidi inaweza kuishusha sukari hadi mtu akazimia, hasa mzee aliyeruka mlo. Kubadilisha kampuni ni kazi ya mfamasia. Kubadilisha dawa ni kazi ya daktari.

Mchanganyiko nao una hesabu yake. Sitagliptini na metformini ndani ya kidonge kimoja, 50/500 au 50/1000, huadimika kuliko kila moja peke yake. Mwombe daktari aandike mbili tofauti. Unameza vidonge vingi zaidi, lakini unanunua metformini kwa bei ya metformini. Ukisoma boksi la sitagliptini na kukuta fosfeti 128.5 mg, usidhani umepewa zaidi. Ni ile 100 mg ikiwa na chumvi na maji yake.

Bei ilinganishwe kwa siku, si kwa boksi. Vidonge vya India huja stripu za 10 au 15. Vya Ulaya huja boksi la 28. Mtu anayenunua boksi la 28 kila mwezi amepata vidonge 336 kwa mwaka, amebaki na siku 29 bila dawa, na hospitali ikimwona presha imepanda inamwongezea dozi. Gawa bei kwa idadi ya vidonge, zidisha kwa unavyomeza kwa siku. Ukishapata namba hiyo ndipo ulinganishe kampuni na kampuni.

Kuna boksi moja la kukataa hata likiwa rahisi. Ukikuta ubavuni kumechapwa herufi MRP na bei kwa rupia, boksi hilo lilitengenezwa kuuzwa madukani India. Dawa iliyomo inaweza kuwa nzuri kabisa, lakini haikuja Tanzania kwa njia ya usajili. Imekuja kwenye begi. Hakuna anayejua ilikaa wapi kwenye joto, na bechi ikitangazwa kuwa mbovu hakuna atakayekutafuta. Mabegi ya namna hii hustawi pale hataza inapoanguka India na usajili wa hapa bado haujakamilika. Rejesta ya dawa zilizosajiliwa iko kwenye tovuti ya TMDA, na kwa mtu wa Dodoma makao makuu yao yako hapahapa mjini, Kisasa.

Kwa takrolimusi, dawa ya kuuzuia mwili usiikatae figo iliyopandikizwa, ukali uongezwe. Hospitali ya Benjamin Mkapa inapandikiza figo tangu 2018, kwa hiyo Dodoma ina watu ambao figo zao zinategemea dawa hii kila siku, tena kwa kiwango chembamba: ikipungua mwili unaikataa figo, ikizidi dawa inaiunguza figo ileile. Hataza zake za mwanzo zilikwisha zamani na jeneriki zipo. Tatizo ni maumbo mawili: la kawaida, humezwa kila baada ya saa 12, na la kuachia taratibu, mara moja asubuhi. Miligramu zinaweza kuwa sawa, kapsuli zikafanana, na bado haya mawili hayabadilishani. Famasi ikikosa kampuni uliyozoea, usikubali nyingine kabla ya kliniki kujua. Kipimo cha damu kichukuliwe asubuhi kabla ya dozi, na kirudiwe baada ya mabadiliko. Warfarini, fenitoini, karbamazepini na levothairoksini zifuate tahadhari hiyohiyo kwa kiwango chake. Baki na kampuni moja.

ARV na dawa za kifua kikuu sugu haziuzwi famasi, kwa hiyo hazina alama hapa. Hutolewa bure kliniki. Zinatajwa kwa sababu zinaonyesha njia ya mkato. Dolutegraviri ya VVU ilipewa leseni kupitia Medicines Patent Pool mwaka 2014, jeneriki zikaruhusiwa hataza ikiwa hai. Bedakwilini ya kifua kikuu sugu ilikwenda kwa mvutano: India ilikataa hataza ya pili ya Johnson & Johnson Machi 2023, ya kwanza ikaisha Julai, na Septemba kampuni ikatangaza haitadai hataza zake katika nchi 134. Dawa za presha na sukari hazijawahi kupata wakili wa namna hiyo.

Huko Bahi, Kongwa, Chamwino na Mpwapwa, Duka la Dawa Muhimu lisilaumiwe kwa kukosa dapagliflozini. Leseni yake ina orodha fupi, na dawa hizi hazimo. Nunua mjini za miezi miwili ukija kliniki, ukikagua tarehe ya mwisho wa matumizi ipite miezi hiyo.

Cheti kikiwa na jina la kampuni tu, rudi ukaombe jina la jeneriki. Mwongozo wa Taifa wa Matibabu na Orodha ya Dawa Muhimu umeandikwa kwa majina hayo, na bila hilo jina famasi ya pili haiwezi kukusaidia ya kwanza ikikosa. Dai risiti ya EFD. Kabla hujatupa boksi, piga picha ubavu wenye jina la jeneriki, kiwanda, namba ya bechi na tarehe. Mwezi ujao kidonge kikija na rangi nyingine, mwonyeshe mfamasia picha hiyo kwanza.